Refa Haonyeshwi Kadi

Kijiko kilianguka asubuhi, tukakitazama. Baba alikitazama kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, mimi nikakitazama kutoka mlango wa jikoni, na hakuna aliyejisumbua kujifanya ataenda kukiokota. Katika nyumba yetu wakati ule, kilichoanguka kimeanguka. Kingelala pale sakafuni pamoja na kitana, kifuniko cha chupa ya dawa na soksi moja ya baba, mpaka Mama Mapacha wa nyumba ya pili aje kuvuna. Kuvuna ni neno lake mwenyewe. Kila asubuhi, akishawapeleka wanawe shule, alipita chumba hadi chumba ameinama, akatoka na beseni limejaa.

"Jana mlilima kweli," alikuwa akituambia.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Mimi ni fundi makochi. Tangu usichana wangu nimeinamia viti vya watu, nikivuta vitambaa, nikigonga misumari, nikibeba fremu za kubebwa na watu watatu peke yangu kwa sababu ya ujeuri, mpaka pingili mbili za chini ya mgongo zikachoka na kazi kabla yangu. Zikaanza kuteleza. Mguu wa kushoto ukawa unawaka moto na kufa ganzi kwa zamu. Mwisho nikalazwa kifudifudi kwenye meza ya upasuaji, daktari akanifanyia kile ninachowafanyia wateja wangu: akapasua kitambaa, akakaza fremu kwa vyuma na skrubu, akashona. Tofauti ni kwamba kochi likitoka kwangu hukaliwa siku hiyo hiyo. Mimi niliambiwa nisiiname, nisijipinde, nisinyanyue kitu kizito kuliko birika, mpaka mfupa ushikane na mfupa. Nikafungwa mkanda mgumu kuanzia mbavuni hadi nyongani, nikarudi nyumbani nimenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Baba alikuwa anaumwa moyo. Daktari wake, mtu asiyezungukazunguka, alituambia kwamba moyo umechoka kusukuma damu na hautarudi kuwa ule wa zamani. Dawa zitampa nafuu, basi. Miguu ilimvimba. Chumvi ilipigwa marufuku, maji akawa anapimiwa. Na akiinama, hata kidogo, pumzi inamkatika. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kuinama alikuwa akiuguzwa na mgonjwa asiyeruhusiwa kuinama. Watu walinipa pole kwa kumuuguza baba, wakampa baba pole kwa kuniuguza mimi, na sote wawili tulizipokea bila aibu.

Sasa niseme habari ya kadi, maana bila kadi hamtaelewa lolote.

Baba alikuwa refa wa mpira. Si wa ligi kubwa. Wa shule, viwanda na mitaa, ile mechi ambayo refa akikosea anakutana na washabiki sokoni. Mtaa mzima unamwita Refa, hata watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipotundika filimbi. Nyumba yetu inatazama uwanja wa shule, na kiti chake cha dirishani kiko sawasawa na mstari wa kati. Pale alishinda kutwa akiwahukumu watoto wa watu. "Ameotea," angesema peke yake, na uwanjani bao lingekubaliwa, na angekasirika mpaka chakula cha mchana.

Niliporudi kutoka hospitali, alizitoa kadi zake kwenye kabati. Zilikuwa zimechakaa pembeni, lakini rangi zilikuwa bado zinapiga kelele. Nikisahau na kuanza kuinama, kadi ya njano inapanda, mkono umenyooka, uso hauna undugu. Njano mbili ni nyekundu, na nyekundu ni kitandani bila mjadala. Mara ya kwanza nilicheka. Siku hiyo hiyo akanikuta navuta kapu la vitambaa kwa mguu, akanitoa nje. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikapandisha nyusi, nikasema kama walivyomwambia wachezaji wote maishani mwake, "Refa, nimefanya nini mimi?" Akanionyesha mlango wa chumbani kwa kidole.

Tatizo ni kwamba sheria zenyewe zilikuwa za upande mmoja. Asubuhi moja nilipompima uzito mizani iliruka, na miguu yake ilikuwa imejaa maji hadi ngozi inang'aa. Nikaisaka nyumba nzima. Chumvi niliikuta ndani ya kikopo kidogo anachohifadhia filimbi. Alikuwa akiinyunyiza kwenye mayai nikigeuka, na mimi kugeuka kwangu ni safari, nageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa, kwa hiyo nafasi alikuwa nayo ya kutosha. Nikamwambia anipe kadi nimwonyeshe.

"Refa haonyeshwi kadi, mama," alisema. Mama ndilo jina aniitalo akiwa na hatia. "Refa anaripotiwa."

"Nikuripoti kwa nani?"

"Hapo sasa."

Tulikuwa tukiishi hivyo, na nisiwadanganye, tulikuwa tukicheka kuliko nyumba nyingi zenye watu wazima wa afya. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikutuchekesha. Siku moja baba aliteleza akitoka kitandani, akakaa chini taratibu kama mtu aliyeghairi safari. Hakuumia. Ila nilisimama juu yake na mkanda wangu, nimenyooka, sina la kufanya. Sikuweza kumnyanyua. Nikamtupia mto, akalala pale akinieleza nyufa za dari, mpaka Mama Mapacha alipokuja. Usiku ule niliogopa kuliko siku ya upasuaji wangu.

Kesho yake nilifungua karakana, chumba cha mbele kilichokuwa kimefungwa tangu nilipougua. Nikakata sponji ngumu, ile ya makochi ya ofisini, nikiwa nimesimama wima mezani, Mama Mapacha akinishikia. Nikashona vikalio vya vimo tofauti kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja. Cha chini kabisa kilikuwa kama tofali lililolala, na kinachofuata kikakizidi kidogo, hadi cha mwisho, cha velveti nyekundu, ambacho kilikuwa kinakaribia kimo cha kiti. Mtu aliyekaa sakafuni anaweka mikono nyuma, anajisukuma na kukaa juu ya cha kwanza. Anapumzika. Anapanda cha pili. Anapumzika tena. Mwisho anajikuta yuko sawa na kiti, anahamia. Mimi kazi yangu ni kusogeza sponji kwa mguu, maana ni nyepesi, na kumwambia apumue lini. Tulifanya mazoezi mpaka baba akawa anapanda huku ananung'unika, na baba akinung'unika ujue mambo yanakwenda vizuri.

Tulikuwa hapo kaka alipopiga simu.

Kaka yangu mkubwa ni mkaguzi wa hesabu, anaishi mbali, katika jiji lenye majengo ambayo madirisha yake hayafunguki. Ni mtu mwema. Nasema mapema kwa sababu mtamwona anavyoingia na mtamchukia kidogo. Alisema anakuja Jumapili. Alisema chumba cha baba kiko tayari kwake, mkewe amekipaka rangi, na ametoa viti vya nyuma vya gari ili aweke godoro.

"Mdogo wangu, hebu nijibu swali moja tu," alisema. "Mzee akianguka, nani atamnyanyua?"

Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Nilimweleza baba, naye aliutazama uwanja. Kisha akasema, bila kadi, bila filimbi, bila utani wowote, "Mimi nataka kumalizia hapa. Kwenye kiti hiki. Na wewe." Nikasema na mimi ndivyo ninavyotaka. Sikuweza kumkumbatia vizuri kwa ajili ya mkanda, nikamshika kichwa tu. Basi tukaanza kupanga jinsi ya kumdanganya mkaguzi.

Baba alipanga vizibo vya soda mezani, akatupa maelekezo ya ufundi. Mama Mapacha avune nyumba Jumapili asubuhi, mara mbili. Amvalishe baba soksi na viatu vya kamba, kwa sababu mtu mwenye viatu vya kamba anaonekana ana mambo yake. Mimi nivae gauni pana juu ya mkanda. Kile kijiti changu chenye sumaku, sumaku niliyoing'oa kwenye nyundo ya kazini ili kuokotea vitu vidogo vya chuma, kifichwe nyuma ya mlango wa jikoni. Vikalio vya sponji virundikwe pembeni vionekane ni stuli ya kawaida.

"Na mimi ni kizibo gani?" Mama Mapacha aliuliza.

"Wewe ni beki. Ukishavaa viatu, unatoka."

"Nikishavaa au nikishamvalisha?"

"Na muhimu kuliko yote," baba akaendelea, "mtu asiangushe kitu."

Hapa lazima niwape kisa kimoja cha zamani, kifupi. Kaka alipokuwa sekondari alikuwa mshambuliaji, tena hodari. Fainali ya shule ilichezwa kwenye uwanja huo huo wa dirishani, na refa alikuwa baba. Kaka alikuwa tayari na njano moja. Dakika za lala salama akaingia kwenye boksi, akaanguka, uwanja mzima ukalia penalti. Baba akaja anakimbia, akamwonyesha mwanawe njano ya pili, kisha nyekundu. Kujiangusha. Hakuna kitu baba alichokichukia duniani kama mchezaji kujiangusha. Hata mwizi, baba angeweza kumvumilia. Nyumbani jioni kaka aliuliza kwa uchungu amejuaje, na baba alimjibu huku anakula, "Macho yako. Ulichagua penye majani kabla hujaanguka." Kaka hakuchezea tena timu yoyote. Akahamia kwenye hesabu, na nahisi alikwenda huko ili siku moja awe yeye anayeona.

Jumapili alifika amevaa shati jeupe, kapu la matunda mkononi. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Akamshika baba mabega kwa muda, akamwangalia usoni, na nikaona anavyoumia kumwona amekonda namna ile. Kisha akakaa. Nyumba nzima ina makochi, nyumba ya fundi makochi, yeye akachagua kukalia rundo la sponji. Alijiweka sawasawa juu ya velveti nyekundu, juu ya ushahidi wote, akapandisha mguu juu ya mguu. Baba akakohoa. Mimi nikaenda kuleta chai kwa mwendo wa malkia, kwa sababu sina mwendo mwingine.

Maswali yakaanza. Nani anampima uzito? Mimi, kila asubuhi. Dawa? Mimi. Nani anahakikisha hali chumvi? Hapo baba alitazama dirishani. Anaoga vipi? Amekaa, kwenye kiti cha plastiki, na mlango haufungwi kwa ufunguo. Nilijibu vizuri. Nilijibu hata yale ambayo hakuuliza, jambo ambalo ni kosa mbele ya mkaguzi.

"Viatu vizuri, Mzee," kaka akasema.

"Vya siku nyingi."

"Umefunga mwenyewe?"

"Sasa nani anifungie?"

Kaka aliziangalia zile kamba. Mama Mapacha, kwa mazoea ya kuwafunga watoto wake wa chekechea, alikuwa ameweka mafundo mawili mawili na masikio marefu ya sungura. Kaka alirudisha macho kwenye kikombe. Alikunywa chai.

Halafu akaangusha funguo za gari.

Hazikumponyoka. Nilimwona akizitoa mfukoni, akizishika hewani, na vidole vikifunguka. Zililia kwenye saruji katikati ya chumba, mbali na kila mtu. Hapo hapo kaka akashika kikombe mkono mmoja na sahani mkono wa pili, uso wake umejaa upole wa uongo.

"Aa, pole. Nisaidie hapo, mdogo wangu."

Tukazitazama zile funguo, watu watatu. Kijiti changu kilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amenifundisha kuchuchumaa mgongo ukiwa wima, lakini nilikuwa nikifanya hivyo nimeshika meza, na pale ilikuwapo meza ndogo tu ya chai, fupi mno kushika. Nikafikiria chumba kilichopakwa rangi. Nikafikiria kiti cha dirishani kikiwa kitupu. Nikajiambia mara moja tu, mara moja haiwezi kuvunja chuma, na nikaanza kushuka. Mgongo ukanitahadharisha papo hapo, maumivu ya moto hadi kisigino. Nikaendelea.

Kwa pembe ya jicho niliona mkono wa baba ukienda mfuko wa shati. Ukasita. Akinitoa nje kwa kadi, ndiyo mwisho wa mchezo, kila kitu kiko wazi. Mkono ukarudi.

"Kaa, nitaokota mimi," akasema, akasimama.

Alisogea kando kidogo, nikadhani anatafuta njia ya kuipita meza ndogo. Halafu goti likakunjika, na nyonga, na bega, na baba akawa chini kwenye zulia. Nilipiga ukelele. Chai ya kaka ilimwagika mpaka kwenye shati lake jeupe, naye akawa ameshafika, mikono chini ya makwapa ya baba, tayari kumnyanyua.

Filimbi ikalia. Ilikuwa sauti nyembamba, ya pumzi ya mtu mwenye moyo kama ule, birika linaloanza kuchemka lingeishinda. Lakini ilikuwa filimbi ya refa, na kaka alikuwa amekulia chini ya filimbi hiyo. Akasimama. Kadi ya njano ilikuwa juu, mbele ya uso wake.

"Mtazamaji haingii uwanjani," baba alisema kutoka chini. "Nenda kakae."

"Baba, umeanguka."

"Najua nilipo. Na ondoka kwenye vifaa vyangu."

Kaka hakuelewa. Nikamwonyesha rundo alilokuwa amekalia. Nikaanza kulisogeza kwa mguu, kimoja kimoja, huku nimeshika mgongo wa kochi; gauni lilinasa na mkanda ukaonekana wote, na sikujali tena. Baba aliitupa kadi sakafuni ili apate mikono miwili. Akakaa, akaweka viganja nyuma.

"Pumua kwanza," nikamwambia. "Bado. Haya."

Akapanda cha kwanza. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Tulingoja. Kaka alikuwa amesimama ukutani, mikono imekunjwa kifuani kwa nguvu ili isiende yenyewe. Cha pili kilimshinda mara ya kwanza. Alirudi chini, akatukana kidogo, akatulia. Nilitamani kumshika. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kumshika, na nilijizuia, maana tukianguka wawili hakuna wa kutupanga tena. Alipofika kwenye velveti alikuwa ana jasho hadi shingoni, na hata mimi nilikuwa na jasho. Akahamia kwenye kiti. Akajiweka sawa. Akatazama uwanjani, ambako watoto walikuwa wanacheza bila habari.

"Yule ameotea," akasema, pumzi haijarudi vizuri.

Nilimpa maji yake, yale ya kipimo. Kisha kaka akaja akakaa kwenye kochi, kochi halisi safari hii, akajifuta uso kwa kiganja.

"Hii mmeifanya mara ngapi?"

"Kila inapobidi," nilisema.

"Na siku akishindwa kupanda?"

"Nitamtandikia hapo hapo, nitamfunika, nitampigia Mama Mapacha, na nikimkosa nitakupigia wewe. Sina jibu lingine, kaka. Siwezi kukudanganya."

"Umenidanganya tangu nimeingia."

"Basi, kwenye hilo sikudanganyi."

Akageukia baba. Alisema kwa upole, na safari hii ulikuwa upole wa kweli, kwamba kule atakuwa na mtu wa kumnyanyua saa yoyote, kwamba wajukuu wanamsubiri, kwamba yeye halali usiku akitufikiria wawili hapa kama fimbo mbili zilizoegemeana. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua unanipenda," baba akamwambia. Sijawahi kumsikia akitamka neno hilo kwa kaka, na nadhani kaka naye hakuwahi. "Lakini kule nitanyanyuliwa, mwanangu. Hapa bado nanyanyuka. Nguvu hizo zikiisha, njoo na godoro lako. Sitabisha."

Kaka aliinamisha kichwa. Akapiga magoti mbele ya kiti, akafungua yale masikio ya sungura, akamvua baba viatu kimoja baada ya kingine, maana vilikuwa vinambana na miguu ilikuwa imejaa. Akaishika miguu ile mikononi mwake. Alibonyeza kidogo kwa kidole gumba, na shimo lilipobaki hapo ngozini, alilitazama muda mrefu. Sikuhitaji kumweleza. Nililia kidogo, nikiwa nimenyooka.

"Jumapili ijayo nitakuja," akasema. "Na zote zinazofuata. Na huyo Mama Mapacha nataka kuongea naye kabla sijaondoka."

"Usimharibie mafundo yake," baba alisema.

Ilipofika saa ya kuondoka, kaka aliokota funguo zake mwenyewe. Akaokota na kadi ya njano iliyokuwa imelala kando ya funguo hizo tangu mchana. Nilidhani anairudisha. Alifika mlangoni, akageuka, akamwita.

"Mzee."

Mkono wake ulipanda, umenyooka, uso hauna undugu. Kadi ya njano ilikuwa juu kabisa, karibu igonge kizingiti cha juu.

"Ya nini?" baba akauliza.

"Kujiangusha."

Nikamtazama baba. Nikalitazama lile zulia, kisha saruji iliyo wazi pande zote, na kile kihatua cha kando nilichodhani ni cha kuipita meza.

"Macho yako," kaka akasema. "Ulichagua zulia."

Nilimngojea baba aseme kwamba refa haonyeshwi kadi. Nilikuwa na hakika atasema. Akakaa akimwangalia mwanawe pale mlangoni, mwanaume wa makamo mwenye doa la chai kifuani. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, akapandisha nyusi, akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa mbele ya uwanja mzima:

"Refa, nimefanya nini mimi?"

Nilicheka mpaka nikashika mkanda kwa mikono miwili, skrubu zote zikinikemea. Kaka hakucheka, hakujibu. Refa hajibizani. Aliitia kadi kwenye mfuko wa shati lake, akaingia garini, akaondoka na godoro lake tupu.